Rada Haioni Mifupa

Kila ninapokokota rada ya ardhini juu ya nyasi kutafuta makaburi yasiyo na alama, mtu husogea kuchungulia skrini akitarajia kuona umbo la binadamu aliyelala. Haoni kitu cha namna hiyo. Kinachojitokeza ni mikunjo inayofanana na upinde, ambayo huonyesha tu mahali ambapo mawimbi ya redio yaliyopelekwa chini yamekutana na udongo wa namna nyingine na kurudi juu. Kaburi hutambulika, likitambulika, kwa sababu udongo uliochimbwa na kufukiwa haurudii mpangilio wake wa awali. Lakini mzizi mnene, jiwe au mtaro wa zamani nao huweza kuchora alama za kutatanisha. Udongo wa mfinyanzi uliolowa ndio msumbufu zaidi, kwani huyameza mawimbi kabla hayajafika mbali.

Kwa hiyo mashine peke yake haitoshi. Mwaka 2021, jamii ya wenyeji asilia ya Tk'emlúps te Secwépemc nchini Kanada ilipotangaza matokeo ya rada katika eneo la iliyokuwa shule ya bweni ya Kamloops, mojawapo ya zile walikopelekwa watoto wa wenyeji asilia, wengi kwa kulazimishwa, upimaji ulikuwa umeongozwa na simulizi za wazee na za waliosoma pale. Idadi ya kwanza ya makaburi yaliyodhaniwa kuwapo, 215, ilirekebishwa baadaye hadi takriban 200, kwa kuwa sehemu ya eneo hilo ilikwisha kuchimbwa katika kazi za awali. Nazo ni dalili, si makaburi yaliyothibitishwa, na kwa maoni yangu mtaalamu anayelainisha tofauti hiyo ili apate kichwa cha habari huwaumiza wale wale anaodai kuwatumikia.

Nimejifunza kuketi na wazee kabla ya kutandaza kamba za vipimo. Safari moja bibi mmoja alitutazama tukipanga mistari yetu, sentimita 25 kati ya mmoja na mwingine, kisha akatuuliza kwa nini tumeishia kwenye uzio, ilhali uzio wenyewe ulijengwa yeye akiwa mtu mzima. Tuliung'oa kwa idhini, tukaendelea.

Suala la data ni zito vilevile. Mataifa ya Kwanza ya Kanada, yaani jamii za wenyeji asilia kama hiyo ya Tk'emlúps, yana kanuni za OCAP, zilizoasisiwa mwaka 1998, zinazosisitiza kwamba jamii ndiyo inayomiliki, kudhibiti, kufikia na kushika taarifa zake. Mimi hukabidhi faili zote, hata zile ghafi, na ramani haichapishwi mpaka wenyewe waamue. Uamuzi wa kuchimba au kutochimba pia ni wao, na familia za jamii moja huweza kutofautiana kwa miaka.