Safari ya Kuvua Ziwani na Bwawani: Yanayoaminika na Yaliyo Kweli

Dhana inayozaa nyingine karibu zote ni kwamba uvuvi wa maji baridi ni mmoja, na kwa hiyo aliyezoea kutupa ndoano Mwanza hatapata shida Kigoma wala Mtera. Ukweli ni kwamba Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, kina chake hakizidi sana mita 80, ilhali Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipo chini kabisa, na bwawa la Mtera hupanda na kushuka kadiri mvua na mitambo ya umeme inavyoamua. Safari inapaswa kupangwa kwa kuyajua maji yenyewe yanayoendewa.

Tuanze na kina, kwa kuwa ndicho kinachowapotezea wageni muda mwingi Kigoma. Inaaminika kwamba samaki mkubwa hukaa chini kabisa, na kwamba mwenye mshipi mrefu ndiye atakayempata. Katika Ziwa Tanganyika jambo hilo haliwezekani, kwa sababu maji ya juu yenye joto na maji ya chini yenye ubaridi hayachanganyiki vya kutosha, na oksijeni huisha kati ya mita 100 na 250 hivi, kutegemea upande wa ziwa na msimu. Chini ya hapo hakuna samaki anayeweza kuishi. Migebuka na sangala, samaki wawindaji wa ziwa hili, huwinda dagaa katika tabaka la juu, kwa hiyo swali lenye faida la kuwauliza wavuvi wa mwaloni, yaani mahali samaki wanaposhushwa, ni dagaa wameonekana wapi na katika kina gani wiki hiyo.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya mwezi. Watu husikia kwamba uvuvi mzuri ni wa siku za giza, wakahitimisha kwamba mbalamwezi huharibu kila aina ya uvuvi. Kanuni hiyo ni ya dagaa wanaovuliwa kwa taa: mwezi unapong'aa, mwanga wa taa hupoteza nguvu ya kuwakusanya, na ndiyo maana wavuvi wengi wa dagaa hupumzika mwezi mpevu unapokaribia. Anayevua kwa ndoano mchana hafungwi na kalenda hiyo, na pengine siku hizo za mapumziko ndizo atakazompata mvuvi mzoefu mwenye nafasi ya kumwongoza.

Kuhusu mabwawa, wengi huyachukulia kuwa madimbwi makubwa yaliyotulia, yanayofaa hata kwa asiyejua kuogelea. Nadhani hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Mtera, lililojengwa katika Mto Ruaha Mkuu ili kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme, hujaa katika usawa wa mita 698.5 juu ya bahari na hutumika hadi mita 690. Tofauti hiyo ya mita nane na nusu, katika ardhi iliyo tambarare, humaanisha kwamba ukingo uliovuliwa mwezi Mei unaweza kuwa uwanja wa tope mwezi Novemba. Visiki vilivyofunikwa na maji vinaweza kutoboa au kupindua mtumbwi. Mamba na viboko wapo. Wala kiboko si mpole kwa sababu anakula majani: hutoka kwenda malishoni jua linapozama na kurejea alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi hupenda kuwa ukingoni, na humshambulia anayesimama kati yake na maji.

Katika Ziwa Victoria, jioni tulivu haitoi dhamana ya usiku tulivu. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu za pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, na huko huzaliwa ngurumo na dhoruba ambazo huweza kuendelea hadi asubuhi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe siku ya kuondoka, na laifu jaketi ivaliwe tangu mtumbwi unapoachia pwani.

Kichocho nacho hakipatikani kwa kunywa maji pekee, kama wengi wanavyodhani. Vijidudu vyake hupenya ngozi ya anayesimama katika maji ya kina kifupi yenye majani na konokono.

Wapo wanaosema kibali cha kuvua ni cha wanaouza samaki. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 na kanuni zake zinamhusu pia anayevua kwa burudani, na samaki wachanga, yaani sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya sentimita 50, hawaruhusiwi kuvuliwa. Ndani ya hifadhi kama Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, utaratibu ni wa hifadhi yenyewe. Vilevile ziwa linaweza kufungwa: uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa hiyo ofisa uvuvi wa wilaya aulizwe kabla ya kulipia nauli.

Mwisho ni chambo hai. Kubeba samaki wadogo kutoka maji haya hadi yale huonekana jambo dogo, lakini sangara mwenyewe aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili, zilizoishi humo peke yake zimetoweka au kuadimika tangu hapo. Chambo kinunuliwe katika mwalo wa maji yaleyale yatakayovuliwa, na kinachobaki kisimwagwe katika maji mengine.