Bikoni haisogezwi: tulichoachiwa na mpima Martin Hotine

Malalamiko ya bikoni, alama za mipaka ya viwanja, kung'olewa wakati wa kujenga uzio yanaongezeka, na wengi wanaoyaleta huja na simu mkononi. Wameingiza namba za kwenye ramani ya upimaji, simu ikawapeleka mtaa wa pili. Simu haikukosea, na ramani haikukosea: kila moja ina mfumo wake wa kutaja mahali kwa namba.

Martin Hotine, Mwingereza aliyezaliwa 1898, alikuwa mhandisi wa jeshi. Kati ya 1931 na 1933 alipima kipande cha Tanganyika cha Tao la Meridiani ya 30 (longitudo ya nyuzi 30 mashariki), mnyororo wa pembetatu za upimaji uliokusudiwa kuiunganisha Afrika Kusini na Misri. Mfumo wa Arc 1960, ambao ramani nyingi za zamani za hapa Tanzania zimechorwa juu yake, umepata jina kutokana na tao hilo. Simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84, ambao ndio wa GPS. Namba za mfumo mmoja zikisomwa kwa mwingine, nukta huhama takriban mita 300. Tafadhali, acheni kuamuliana mipaka kwa simu! Hata mifumo ikilingana, simu ya kawaida hukosea mita kadhaa.

Mwaka 1935 Hotine alianza kuipima upya Uingereza. Alibuni nguzo ya zege yenye kimo cha mita 1.2 hivi, na juu yake shaba yenye mifereji mitatu, ili miguu ya teodolaiti, chombo cha kupimia pembe, ikae palepale kila inaporudishwa. Kazi ilianzia Cold Ashby, Aprili 1936. Nguzo zilizojengwa zilizidi 6,000. Ustadi wenyewe umefukiwa: chini ya nguzo kuna alama nyingine, wima sawasawa na ile ya juu. Nguzo ikigongwa, nukta bado ipo.

Bikoni ya kiwanja, nondo ndani ya zege, kwa kawaida haina alama ya pili chini yake. Aliyeing'oa akairudishia "palepale" kwa nia njema ameharibu ushahidi, maana shimo limeshapanuka, na sentimita 20 kwenye kona moja hupinda mipaka miwili.

Ikitoka, msiiguse. Toa taarifa serikali ya mtaa, kisha peleka nakala ya hati na ramani ya upimaji ofisi ya ardhi ya halmashauri, uombe kufufuliwa mipaka. Mpima huanzia bikoni za jirani ambazo hazijaguswa; hulinganisha pembe na umbali kati yake na vilivyoandikwa kwenye ramani, na zikikubaliana ndipo hupima kuelekea iliyopotea. Majirani wote wanaopakana wawepo, kwa sababu asiyekuwepo ndiye hupinga kesho yake. Kuharibu au kuhamisha bikoni kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na kumwambia hakimu "fundi ndiye aliyeing'oa" hakurudishi nukta.

Kabla fundi hajashika sururu, mwoneshe bikoni zote, uzipake rangi, na msingi wa uzio uchimbwe upande wako.