Ukarabati wa Nyumba za Mji Mkongwe: Chokaa, Boriti na Kibali

Kila masika yanapokaribia, wakaazi wengi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar huziba nyufa na kupiga lipu kuta zao kwa nia njema kabisa, lakini baadhi ya kazi hizo huzidhoofisha nyumba kuliko mvua yenyewe.

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Hunyonya unyevu na kuutoa tena kupitia lipu ya chokaa. Zikifunikwa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, udongo hulainika, na ncha za boriti zilizoingizwa ukutani huoza bila mtu kuona hadi dari linapoanza kulegea. Dhana kwamba saruji ni imara zaidi, hivyo inafaa ukuta wowote, si sahihi, na inasikitisha kuwa bado tunalazimika kuikanusha. Boriti za mikoko nazo hazizidi sana mita 3, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Anayebomoa ukuta wa kati ili apate ukumbi mpana huondoa kile kinachobeba ghorofa ya juu.

Mji huu ulikua kwa biashara, na kila jamii iliyofika iliacha namna yake ya kujenga. Nyumba za Waarabu wa Omani huonyesha njiani ukuta mnene usio na mapambo mengi, huku vyumba vikizunguka ua wa ndani. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi huelekea barabarani, duka likiwa chini, makaazi juu, na mara nyingi roshani ya mbao iliyonakshiwa. Baraza za nje hutumiwa na wote, mwenyeji na mpita njia, kwa hiyo kuivunja baraza ili kupanua duka si jambo la mwenye duka peke yake.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na uhifadhi wake unasimamiwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kibali cha Mamlaka hiyo hutangulia kazi, hakifuati. Mwombaji aeleze kazi na vifaa atakavyotumia, aambatishe michoro pale panapobadilishwa ukuta, paa, dirisha au mlango, na athibitishe haki yake juu ya nyumba. Mpangaji wa nyumba ya Serikali au ya wakfu aanze kwa ridhaa ya mwenye mali. Asubiri ukaguzi kabla ya kununua vifaa. Anayeanza bila kibali anaweza kusimamishwa, kutakiwa kurejesha hali ya awali kwa gharama zake, na kufikishwa mbele ya sheria. Hoja ya kwamba “nyumba ni yangu” haiondoi wajibu huo, hasa pale ambapo ukuta mmoja unabeba nyumba mbili.

Milango inahitaji angalizo la pekee. Mlango wenye njumu za shaba, mfaa (ubao wa katikati) ulionakshiwa na fremu yake ni sehemu ya jengo. Ukichakaa, ukarabatiwe na fundi seremala anayeijua kazi hiyo, tena ukiwa mahali pake. Usiuzwe wala usihamishwe, hata kama mnunuzi ameahidi kuleta mwingine unaofanana nao.