Brodsaidi ni nini? Shairi la karatasi moja nchini Marekani

Chukua karatasi moja. Upande mmoja chapa shairi zima, pamoja na jina lake na la mtunzi. Upande wa pili uache mtupu. Usiikunje, usiishone na nyingine, usiitie jalada. Hiyo ndiyo brodsaidi, kwa Kiingereza broadside. Wachapaji wa Uingereza na Marekani walilitumia neno hilo kwa kila kitu kilichochapwa hivyo: amri ya gavana, ilani ya mnada, zawadi kwa atakayemkamata mtumwa aliyetoroka. Ushairi nao ukasafiri kwa chombo hichohicho.

Kipeperushi hutiwa mfukoni, na bango hutengenezwa ili lionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Brodsaidi hubandikwa ukutani kama bango, lakini huwezi kuisoma mpaka uisogelee na kusimama. Hapo unakutana na shairi moja tu. Hakuna lililolitangulia wala litakalofuata, na hakuna ukurasa wa kufunua ukichoka. Mtunzi aliyekubali kuchapwa hivi amekubali kupimwa kwa shairi hilo hilo moja.

Kwa nini upande mmoja? Sababu ya kwanza ilikuwa kazi yenyewe. Katika mtambo wa mkono, herufi za madini ya risasi hupangwa moja moja, hupakwa wino, karatasi hulazwa juu yake, kisha hukandamizwa. Ukitaka na upande wa pili, sharti upange upya na usubiri wino ukauke. Aliyekuwa na haraka alichapa upande mmoja akamaliza. Usiku wa Julai 4, 1776, mchapaji John Dunlap wa Philadelphia alilichapa Azimio la Uhuru la Marekani kwa namna hiyo, na asubuhi nakala zikaanza kusambazwa. Inakadiriwa alitoa nakala 200 hivi. Zinazojulikana kubaki leo ni 26, na hiyo ni hati ambayo kila mtu alijua ni kubwa. Fikiria basi zilipoishia karatasi za mashairi.

Maana mashairi hayo yaliuzwa mitaani, yakiimba habari ya wiki ile: meli imezama, mwizi amenyongwa, jeshi limeshinda. Benjamin Franklin anasimulia katika kumbukumbu za maisha yake kwamba alipokuwa kijana mwanagenzi katika matbaa ya kaka yake James, mjini Boston, alitunga utenzi wa kuzama kwa mlinzi wa mnara wa taa pamoja na jamaa zake, akatumwa kuuza karatasi zake mjini. Ziliuzika sana. Baba yake akamvunja moyo kwa kumwambia kwamba watunga mashairi kwa kawaida huishia kuwa ombaomba.

Boston ndiko pia lilikotoka jina la Phillis Wheatley. Alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston mwaka 1761. Mhubiri mashuhuri George Whitefield alipofariki mwishoni mwa Septemba 1770, Phillis alitunga shairi la maombolezo, nalo likatoka kwa brodsaidi baada ya majuma machache tu. Karatasi yenyewe ilimtambulisha kwa msomaji: binti mtumishi wa miaka 17, mali ya bwana fulani wa Boston, mwenye miaka tisa tu nchini tangu atoke Afrika. Kila nikifikiria mistari hiyo najiuliza mpita njia aliisoma kwa sauti gani. Shairi likasomwa hadi Uingereza, na miaka mitatu baadaye kitabu chake kikachapwa London. Karatasi ndiyo iliyomtangulia na kumfungulia mlango.

Tunayajua mengi ya mambo haya kwa sababu mtu mmoja aliona thamani ya kilichokuwa kikitupwa. Isaiah Thomas, mchapaji aliyeanzisha jumuiya ya historia iitwayo American Antiquarian Society mjini Worcester mwaka 1812, alinunua zaidi ya karatasi 300 za nyimbo na mashairi kutoka kwa mchapaji wa Boston, akazijalidi na kuandika kwamba anataka ionekane watu wa kawaida wa wakati huo walipenda nini. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, miaka ya 1860, karatasi za nyimbo zilifurika mijini na kambini. Baadaye magazeti ya bei rahisi yakaichukua kazi hiyo.

Ila kwangu mimi, anayetaka kuielewa brodsaidi aende Detroit, mwaka 1965.

Septemba 15, 1963, bomu lililotegwa na wabaguzi wa rangi lililipua kanisa la Wabaptisti la 16th Street mjini Birmingham, Alabama, likaua wasichana wanne. Dudley Randall, mkutubi na mshairi wa Detroit, alitunga "Ballad of Birmingham". Ni mazungumzo ya mama na binti. Binti anaomba ruhusa aende kwenye maandamano ya kudai uhuru. Mama anamkatalia kwa sababu ya mbwa na bunduki za polisi, anamwambia aende kanisani akaimbe na watoto wenzake, kwani huko hakuna hatari. Anamchana nywele, anamwogesha, anamvika glavu nyeupe na viatu vyeupe. Kisha mama anasikia mlipuko. Kwenye vifusi anachokipata ni kiatu.

Mwimbaji Jerry Moore aliomba kulitia shairi hilo muziki. Ili haki yake ya utunzi isipotee, Randall akalichapa kwenye karatasi moja, na shughuli yake akaiita Broadside Press. Alianza na dola 12 kutoka kwenye mshahara wake wa ukutubi. Kuna ulinganifu hapa unaonigusa sana: shairi lilikuwa utenzi wa kujibizana, wa beti za vina, umbo lilelile lililouzwa mitaani karne mbili nyuma, na sasa likarudi kwenye karatasi ileile, nalo likiwa na habari ya msiba.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa waandishi katika Chuo Kikuu cha Fisk, Randall alipata ruhusa ya kuchapa mashairi ya Robert Hayden, Margaret Walker na Melvin Tolson. Gwendolyn Brooks naye akatoa "We Real Cool", shairi fupi la vijana waliotoroka shule. Msanii Cledie Taylor alilichora kwa herufi nyeupe juu ya weusi, kama maandishi ya chaki ukutani, na ukiliona hivyo unaamini vijana wale wameliandika wenyewe. Ndicho kitu ambacho ukurasa wa kitabu haukuweza kulipatia shairi hilo. Brooks, mshindi wa tuzo ya Pulitzer, baadaye aliacha kuchapwa na kampuni kubwa ya New York akahamia kwa Randall. Nyumba hiyohiyo ilitoa pia vitabu vya mshairi Don L. Lee, ambaye dunia inamjua sasa kwa jina la Kiswahili alilojichagulia: Haki Madhubuti.

San Francisco nako, mwaka 1967, kikundi cha Communication Company kilichapa mashairi kwa mashine za stensili na kuyagawa bure mitaani, yakiwemo ya Richard Brautigan.

Kisha mambo yakageuka. Matbaa za kibiashara zilipohamia ofseti, uchapaji usiohitaji herufi za kupangwa, mitambo ya zamani, hasa ile ya Vandercook iliyotengenezewa Chicago kwa ajili ya kuchapa nakala za majaribio, iliachwa ikiuzwa kwa bei ndogo. Wasanii na vyuo wakaichukua. Tangu hapo brodsaidi nyingi huchapwa kwa herufi za risasi au za mbao kwenye karatasi nzito ya pamba, nakala chache zenye namba, zikatiwa sahihi jioni mshairi anapokuja kusoma. Kilichokuwa cha senti kimekuwa cha kutiwa fremu. Ni kazi nzuri, naiheshimu, lakini moyo wangu uko na zile zenye alama za gundi.

Nazo hazijaisha. Machi 5, 2007, bomu lililipua mtaa wa wauza vitabu wa Al-Mutanabbi, Baghdad. Beau Beausoleil, mshairi na muuza vitabu wa San Francisco, aliwaita wachapaji waujibu mlipuko ule kwa brodsaidi, zikafika 130, na seti nzima ikapelekwa Maktaba ya Taifa ya Iraq. Na tangu 2005, Broadsided Press, iliyoanzishwa na mshairi Elizabeth Bradfield, humkutanisha mwandishi na msanii wa picha, kisha kazi yao huwekwa kwenye intaneti bila malipo. Yeyote anayetaka huichapa kwa printa ya nyumbani au ya ofisini, akatafuta gundi ya karatasi, akaenda kuibandika kwenye kituo cha basi.