Kidonda cha mguuni, ugonjwa wa tumboni

Mgonjwa anaingia zahanati kwa sababu ya vinundu vya mguuni. Kwamba kwa miezi kadhaa anaendesha choo chenye damu na kamasi, hatasema. Hilo ni la tumbo, tena la aibu, na leo kaletwa na mguu. Asipoulizwa, anaondoka na dawa ya kupaka.

Dhana iliyomponza ni kwamba ngozi na tumbo havijuani. Ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda hutokea kinga ya mwili inapopotoka na kuushambulia utumbo, na kinga hiyo haiishii tumboni: huchokoza pia viungo, macho na ngozi.

Vinundu vile mara nyingi huwa erithema nodosamu. Ni vigumu, vina joto, vinauma ukivibonyeza, na hupenda kukaa mbele ya mguu, chini ya goti. Vitabu vingi husema ni vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi vinaweza kuwa vya zambarau au vyeusi tu, kwa hiyo pitisha kidole kabla hujasema ni mbu. Si majipu, havina usaha wa kukamuliwa. Utumbo ukitulizwa kwa dawa, navyo kwa kawaida hutulia.

Ila vinundu hivyohivyo vinaweza kuletwa na kifua kikuu, na TB ya utumbo hufanana mno na Crohn. Dawa za Crohn za kushusha kinga zikianzishwa bila TB kupimwa, TB iliyolala mwilini inaweza kuamka.

Wengine wakiona vinundu hivyo husema, “Ana ngoma huyo,” yaani ana VVU. Njombe, Iringa na Mbeya zina maambukizi ya VVU juu ya wastani wa taifa, kwa hiyo kupima ni jambo la busara. Kosa ni kudhani majibu yakiwa hasi basi kilichobaki ni kutupiwa. Erithema nodosamu inayotokana na ugonjwa wa utumbo haiambukizi, si kwa kugusana wala kwa kulala kitanda kimoja.

Dhana yenye madhara makubwa kuliko zote ni hii: donda ndugu lazima likwanguliwe. Pioderma gangrenosamu, kidonda kingine cha ngozi kinachoendana na magonjwa haya ya utumbo, huanza kama kipele. Baada ya siku chache kinafunguka kidonda chenye kingo za zambarau zilizochimbika kwa chini, na maumivu hayalingani kabisa na ukubwa wake. Mwenye nia njema anakikwangua, anamwagia spiriti, anafungua kapsuli na kunyunyizia unga wake. Kilichokuwa sawa na sarafu ya shilingi mia kinaenea kufikia kiganja, kwa sababu ngozi ya mgonjwa huyu inaweza kujibu jeraha jipya kwa kidonda kingine. Chanzo si bakteria, ingawa wanaweza kuingia baadaye. Antibiotiki peke yake haitoshi. Kinachohitajika ni dawa za kutuliza kinga, kama prednisoloni, chini ya uangalizi wa daktari, na kidonda kisafishwe taratibu. Hiki, tofauti na vile vinundu, kinaweza kuja hata utumbo ukiwa umetulia. Kidonda cha mguu kinachokua kila kinapokwanguliwa kisikwanguliwe tena, na mgonjwa apewe rufaa kwa daktari wa ngozi.

Dhana ya mwisho: “Mbeya baridi, jua la huku halina neno.” Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi ya jua inavyozidi, hata mwili usipohisi joto. Mgonjwa anayetumia azathioprini, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya ngozi. Weusi wa ngozi hukinga kiasi, si kabisa. Mwenye ualbino hana hata kinga hiyo. Anayepalilia viazi Uyole avae kofia pana na mikono mirefu hata asubuhi ya ukungu, na doa au kidonda kipya kisichopona akionyeshe kliniki. Dawa asiikatishe mwenyewe kwa kuogopa jua: utumbo ukichafuka tena, vinundu navyo vinaweza kurudi.