Mwaka wa wiki: kwa nini tiketi ya Desemba huandikwa mwaka usiofika

Jumatatu ya tarehe 29 Desemba 2025, stendi ya Moshi, mama mmoja aliyekuja Uchagani kula Krismasi alikuwa anarudi Arusha. Tiketi yake ilisomeka 29/12/2026. Konda akaigeuza mara mbili: "Mama, hii ni ya mwakani." Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Kazi yangu ni kuandika programu, na tarehe ile ilinitosha kukisia kilichotokea: mtu aliandika YYYY mahali pa yyyy.

Kwenye Java, lugha mojawapo ya kuandikia programu, ukitaka kuchapa tarehe unaipa programu herufi za kufuata: dd ni siku, MM ni mwezi, yyyy ni mwaka. Y ndogo ni mwaka tunaoujua sote, Januari mosi hadi Desemba 31. Y kubwa ni mwaka wa wiki.

Mwaka wa wiki huhesabiwa kwa wiki nzima nzima, bila kuikata wiki hata moja. Unawafaa wanaolipa mishahara au kufunga hesabu kila wiki. Lakini Januari mosi huangukia popote, na wiki yenye mguu mmoja Desemba na mwingine Januari lazima ipewe mwaka mmoja. Kanuni ya kimataifa, ISO 8601, inasema wiki huanza Jumatatu, na ni ya mwaka ule ilimoangukia Alhamisi yake. Alhamisi ni siku ya 4 kati ya 7, kwa hiyo mwaka wenye Alhamisi ndio wenye siku nyingi katika wiki hiyo. Januari mosi 2026 ilikuwa Alhamisi. Basi wiki yote, tangu Jumatatu ya 29 Desemba, ikahesabiwa kuwa wiki ya kwanza ya 2026.

Wiki ianzie wapi ni makubaliano tu. Majina yetu wenyewe yanahesabu kuanzia Jumamosi: mosi, pili, tatu. Marekani huanza Jumapili, na kwao wiki yenye Januari mosi ndiyo ya kwanza, hata kama mwaka mpya una siku moja tu ndani yake. Java hufuata nchi iliyowekwa kwenye mipangilio ya kompyuta. Programu ileile, kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Marekani, ingeandika 2026 tangu Jumapili ya tarehe 28.

Simlaumu sana aliyeandika. Kwenye PHP na Python, lugha nyingine za programu, Y kubwa ndiyo mwaka wa kawaida. Aliyezoea huko akihamia Java mkono unaandika wenyewe. Tena ukijaribu programu mwezi Juni, YYYY na yyyy zinatoa jibu moja. Hata Desemba inaweza kukudanganya: mwaka 2023 uliisha Jumapili, kwa hesabu ya ISO wiki na mwaka vikafungwa pamoja, na kosa likapita kimya. Twitter nao waliwahi kukwama hivi: tarehe 29 Desemba 2014 mfumo wao ulidhani ni 2015, na watu wengi wakatolewa kwenye akaunti zao. Kalenda ya 2014 na ya 2025 zinalingana siku kwa siku.

Ukiwa na programu ya tiketi, risiti au hoteli, tafuta YYYY kwenye maandishi yote ya programu leo, uweke yyyy, kisha ijaribu kwa siku tatu za mwisho wa Desemba na tatu za mwanzo wa Januari, kwa miaka kadhaa. Januari 2027 usiiruke. Mwaka huo unaanza Ijumaa, na kwa hesabu ya ISO Januari mosi bado ni wiki ya 53 ya 2026. Abiria atakayekata tiketi siku hiyo atapewa karatasi ya mwaka uliokwisha jana.