Ethi si ile fimbo iliyo ardhini

"Kontena lishapigwa ethi, mkuu."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno. Mara ya mwisho nilikuwa nimesimama mbele ya kontena la futi 20 lililojaa seva, zile kompyuta kubwa za kuhifadhi na kuchakata data, limeshushwa kwenye lori asubuhi hiyo hiyo, na jenereta lake limewekwa hatua kama thelathini pembeni. Kijana aliyenijibu si mvivu hata kidogo. Alikuwa amepigilia fimbo ya shaba karibu na mlango, akafunga waya wa kijani na njano kati ya fimbo na kontena, kisha akamwagia udongo maji ya chumvi. Lakini kebo iliyotoka kwenye jenereta ilikuwa na nyaya nne tu, fezi tatu, yaani nyaya zinazoleta umeme, na nyutro, waya wa kuurudisha. Waya wa tano, ule wa ethi wa kurudi hadi kwenye jenereta, hakuuvuta, kwa kuwa kwa hesabu yake ethi ilikwisha patikana palepale ardhini.

Ethi ni njia ya shaba inayounganisha kila chuma kinachoweza kuguswa na mtu, kuanzia bodi la kontena na makabati hadi maganda ya seva, na chanzo cha umeme. Fezi ikichubuka na kugusa chuma hicho, umeme unarudi kwenye chanzo kwa wingi na kwa haraka, na breka, ile swichi ya usalama, inakata. Maana yake imeishia hapo. Kinachotupoteza ni jina.

Ethi tumeitoa kwenye Kiingereza, na kwa Kiingereza ni udongo. Wafaransa wanasema terre, udongo. Wamarekani wanasema ground, ardhi. Waarabu kazi hii wanaiita ta'ridh, kutoka ardh, mzizi uleule uliotupa sisi ardhi. Lugha zote hizi zinaelekeza kidole chini, na si bure. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil aligundua kwamba telegrafu haihitaji nyaya mbili. Ukivuta waya mmoja na kuzika bamba la chuma kila mwisho, ardhi yenyewe inakuwa njia ya kurudia. Kebo za telegrafu za chini ya bahari, kama ile iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, zilitumia bahari kwa namna hiyo hiyo. Wazee wetu waliiita telegrafu simu, neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na kweli ilikuwa waya mmoja tu. Wa pili ulikuwa dunia. Ishara ya telegrafu ilihitaji mkondo mdogo sana, na udongo uliumudu.

Kiswahili nacho kimeongeza uzito wake. Umeme, kabla haujawa wa kuwashia taa, ulikuwa ule wa mawinguni unaomulika mvua inapokuja. Kenya wengi wanasema stima, neno lililotokana na mvuke wa mitambo, lakini sisi tuliobaki na umeme tumebaki pia na picha yake: kitu kinachoshuka kutoka juu na kuzama ardhini. Kwa radi picha hiyo ni sahihi, ndiyo maana fimbo ya ethi ina kazi ya kweli siku ya ngurumo. Umeme wa jenereta hautafuti udongo. Unatafuta jenereta lililouzalisha. Ukipita kwenye udongo ni kwa kukosa njia nyingine, na udongo ni njia mbovu.

Tuchukue hesabu ya pale pale. Tuseme fimbo ya kontena ina ukinzani, yaani kipimo cha inavyozuia umeme, wa omu 20, na ile ya jenereta omu 10. Kwa fimbo fupi kwenye udongo mkavu au mawe ya matumbawe, kupata hata namba hizo ni kazi. Fezi ya volti 230 ikigusa bodi la kontena, mkondo unaopita kwenye udongo ni 230 kugawanya kwa 30, yaani chini kidogo ya ampea 8. Breka iliyokuwa inalinda kebo ile ilikuwa ya ampea 32. Kwa breka hiyo, ampea 8 ni kazi ya kawaida, haina cha kukata. Itakaa hivyo mchana kutwa, na bodi la kontena litakaa na volti zaidi ya 150 likimsubiri mtu wa kwanza atakayeshika mlango huku amekanyaga udongo uliomwagiwa maji.

Sasa vuta ule waya wa tano. Mita 25 za shaba ya milimita 6 za mraba hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya omu. Hitilafu ile ile italeta mamia ya ampea, na breka ya ampea 32 ya aina B hukata papo hapo mkondo ukifika 160. Mlango wa kontena utakuwa salama kabla mtu hajaufikia.

Ipo mifumo ambayo udongo ndio njia ya kurudia kwa makusudi. Hapo breka ya kawaida haitoshi. Lazima iwepo RCD, ile inayokata baada ya kuhisi uvujaji wa miliampea chache. Pale kwetu haikuwepo.

Nifike kwenye nyutro, maana kuna kauli nyingine inayotembea pamoja na ile ya kwanza: "nyutro na ethi ni kitu kimoja, zote zinaishia ardhini." Nyutro ni waya wa kazi. Inabeba mkondo kila dakika ambayo seva zinawaka. Ethi ikiwa nzima haina kazi ya kubeba mzigo, inangoja siku ya ajali. Zinakutana mahali pamoja, kwenye chanzo, ambako nyutro ya jenereta inafungwa na bodi la jenereta na fimbo yake. Kifungo hicho kikikosekana, hata waya wa tano hausaidii, kwa sababu umeme wa hitilafu unafika kwenye bodi la jenereta na kukosa pa kuingilia. Kikirudiwa tena ndani ya kontena, mkondo wa kazi unagawanyika, sehemu yake inapita kwenye makabati na kwenye nyaya za data, mahali ambapo haukutakiwa kabisa.

Rangi nazo zinachangia. Kwa rangi za zamani za Kiingereza, ambazo bado zimo kwenye majengo mengi ya kwetu, nyutro ni nyeusi na buluu ni fezi. Kwa rangi mpya, ambazo Uingereza yenyewe ilianza kuzipokea mwaka 2004, nyutro ni buluu na nyeusi ni fezi. Kontena lililofungwa Ulaya likiunganishwa na paneli ya umeme ya zamani kwa kufuata rangi peke yake, nyutro na fezi zinabadilishana nafasi. Pima kwa mita kabla ya kufunga.

Nyutro ikikatika huku fezi tatu ziko hai, seva za fezi moja zinajikuta zimefungwa mfululizo na za fezi nyingine, na volti zinayumba kuelekea 400. Pawa saplai, kifaa cha ndani ya seva kinachopokea umeme, ikiwa imeandikwa volti 100 hadi 240 haivumilii hilo. Ndiyo sababu ya mpangilio wa kufunga nyaya kubwa zinazochomekwa mmoja mmoja: ethi kwanza, nyutro ya pili, fezi mwisho, na wakati wa kufungua unarudi kinyume, umeme ukiwa umezimwa muda wote. Ile plagi nyekundu ya pini tano imekupangia sehemu kubwa ya hilo. Itazame: pini ya ethi ni nene na ndefu kuliko nyingine. Inaingia ya kwanza na kutoka ya mwisho. Aliyeibuni hakutaka kutegemea kumbukumbu ya fundi aliyechoka.

Seva zina sababu yao ya ziada. Ndani ya kila pawa saplai kuna kichujio kinachovujisha umeme kidogo kwenda kwenye ethi hata kifaa kikiwa kizima. Kwa kifaa kimoja mara nyingi ni kama miliampea moja, huwezi kudhurika. Kabati la seva arobaini linajumlisha uvujaji huo wote kwenye waya mmoja. Ukikata waya huo, uvujaji wote unahamia kwa atakayeshika kabati. Nimeona mahali RCD ya miliampea 30 ilikuwa ikikata kila mara kwa sababu hiyo, na dawa iliyopatikana ikawa kufungua ethi. RCD ilitulia kweli. Dawa sahihi ilikuwa kugawa seva kwenye saketi kadhaa na kuiacha ethi mahali pake.

Tulivuta waya wa tano kabla ya saa sita, tukakuta kifungo cha nyutro kwenye jenereta kimelegea, tukakikaza, tukapima mzunguko wote. Fimbo ya kijana nilimwambia aiache, aiunge na mfumo, mvua za masika zilikuwa karibu. Kwenye fomu ya makabidhiano alikuwa ameandika "Ethi: imepigwa." Nikamwomba tu abadilishe iwe "Ethi: imeungwa hadi kwenye jenereta, imepimwa", na pembeni aandike namba ya omu aliyoisoma kwenye mita.